Gasketi Haiungui Bure

Gari linapoanza kunywa maji, mwenye gari huwa wa mwisho kuamini. Asubuhi anajaza rejeta, jioni anakuta imepungua, anainama kutazama chini ya gari na haoni hata tone. Anajaza tena. Dumu la maji linapata makazi ya kudumu nyuma ya kiti, na safari zinaendelea, mpaka siku anapopandisha Kitonga kwenda Iringa, au amekwama kwenye foleni ya Kimara saa kumi na mbili jioni, mshale wa joto unakimbilia mwisho na mvuke unafumka chini ya boneti. Wanaokuja kusaidia kusukuma wana jibu moja tu: gasketi imeungua.

Huenda ni kweli, huenda si kweli. Nimeona silinda hedi zikifunguliwa kwa sababu ya mpira wa maji uliopasuka upande usioonekana, na nimeona pia magari yakibadilishiwa rejeta, pampu ya maji na feni, moja baada ya nyingine, wakati gasketi ndiyo iliyokuwa imekufa tangu mwanzo. Mtu anayetaka kuifanya kazi hii mwenyewe uani kwake, bila kuwa fundi wa kusomea, asianze na spana. Aanze na ushahidi.

Ushahidi wa kwanza haugharimu kitu. Injini ikiwa imelala usiku kucha na kupoa kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji hadi mdomoni, kisha mtu mwingine awashe gari huku wewe unatazama. (Injini ikiwa ya moto, kifuniko hicho kisiguswe kamwe, maji yaliyo ndani yanaweza kuwa yamepita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu ya presha, na ukiyafungulia yatachemka yote kwa mara moja usoni pako.) Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyonaswa. Mapovu yanayoendelea kuja bila kukoma, na kuongezeka kila mafuta yanapokanyagwa, ni gesi ya mwako inayopenya kutoka kwenye silinda kuingia kwenye maji. Ipo pia dawa ya majimaji ya bluu inayowekwa kwenye kibomba juu ya mdomo wa rejeta. Ikipitiwa na hewa yenye kaboni dayoksaidi, hugeuka njano. Na ukiazima geji ya kompresheni ukakuta silinda mbili zinazopakana zote ziko chini huku nyingine ni nzima, ukuta mwembamba wa gasketi baina ya hizo mbili umekatika. Hapo hakuna tena cha kubishania.

Oili ni shahidi wa kuhojiwa kwa uangalifu zaidi. Oili yote iliyogeuka rangi ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia ni habari mbaya. Ila ute mweupe ulio chini ya kifuniko cha oili peke yake, hasa kwa wanaokaa penye baridi kama Mufindi au Limuru na kuendesha safari fupi za sokoni na kurudi, mara nyingi ni unyevu wa kawaida ambao injini haikupata joto la kutosha kuufukuza. Watu wamefunguliwa injini nzima kwa ute huo.

Gasketi yenyewe ni karatasi ya chuma na nyuzinyuzi, au matabaka ya chuma tupu kwenye injini za siku hizi, na unene wake haufiki milimita 2. Inakaa kati ya bloku, mahali pistoni zinapopanda na kushuka, na silinda hedi, mahali penye vali na plagi. Kazi yake ni kutenganisha vitu vitatu visivyopatana, navyo ni moto wa mwako, maji ya kupoza na oili. Kwenye injini ya petroli mwako husukuma kwa presha inayozidi baa 50, mara kadhaa kila sekunde, na milimita chache tu pembeni maji yanapita kwenye tundu lake.

Ugumu unaanzia kwenye madini. Katika injini nyingi za Toyota za miaka ya 1990 zinazotembea bado kwenye barabara zetu, mfano 4A-FE iliyokuja ndani ya Corolla na Carina, bloku ni chuma cha kalibu na hedi ni alumini. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Chukua hedi yenye urefu wa sentimita 40 na uipandishe nyuzi 80: alumini itarefuka kwa zaidi ya milimita 0.7, chuma kilicho chini yake kwa nusu tu ya hapo. Kila unapowasha gari asubuhi na kulizima jioni, hedi inateleza kidogo juu ya bloku, na gasketi iliyobanwa katikati inavumilia. Imeundwa kuvumilia hivyo kwa miaka mingi. Isichoweza kuvumilia ni gari lililochemsha, ambapo joto hupita kiasi, hedi ikataka kutanuka zaidi ya bolti zinavyoiruhusu, na mwisho ikapinda.

Kwa hiyo nasema bila kusita: gasketi haiungui bure. Kilichoiua kipo hai bado, ndani ya gari hilohilo, na usipokitafuta kitaiua na hiyo mpya. Mara nyingi ni kitu cha bei ndogo. Kifuniko cha rejeta chenye springi iliyochoka, kwa mfano. Kifuniko kizima hushikilia presha ya karibu baa 0.9, na kwa presha hiyo maji hayachemki mpaka yafike karibu nyuzi 118. Kikichoka, maji yanarudi kuchemkia nyuzi 100, na gari linalopanda mlima na abiria watano halina nafasi ya kupumua. Kuna maji ya kisima yenye chumvi, ambayo watu wengi wa Dar es Salaam na pwani nzima humimina ndani ya rejeta kwa sababu ndiyo yaliyopo. Yanakula alumini kimyakimya na kuziba njia nyembamba za rejeta kwa magamba. Na kuna thamostati, vali inayoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikishapata joto.

Thamostati nitaisemea kwa uchungu. Imeenea mno kwetu imani kwamba nchi hii ni ya joto, basi thamostati ya nini, itolewe maji yatembee. Gari linatoka bandarini likiwa nayo, na baada ya mwaka halina. Matokeo yake ni injini inayochelewa kupata joto, oili inayobaki na unyevu, mafuta yanayoliwa zaidi. Isitoshe, kwenye injini nyingi thamostati ikifunguka huku mbele huziba njia ya mkato huku nyuma. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi daima na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta kabisa. Yaani aliyeitoa ili gari lisichemshe ameliongezea sababu ya kuchemsha mlimani.

Sasa, kwa nini mtu aifanye kazi hii nyumbani wakati mafundi wapo kila kona? Wengi watasema ni kuokoa fedha, na ni kweli kazi ya mikono ndiyo sehemu kubwa ya gharama. Ila kwangu sababu kubwa ni muda. Mafundi wetu walioko chini ya miembe na kwenye gereji za Gerezani au Kirinyaga Road kule Nairobi wanayajua haya ninayoyaandika, na wengi wao wanayajua kuliko mimi. Wanachonyimwa ni nafasi. Mwenye gari anapiga simu saa nne, anapiga saa sita, saa tisa amefika mwenyewe na kusimama juu ya kichwa cha fundi. Katika hali hiyo kinachorukwa ni kile kisichoonekana: kupima hedi, kusafisha matundu ya bolti, kungoja mashine shop inyooshe hedi. Gasketi mpya inawekwa juu ya hedi iliyopinda, gari linaondoka jioni likiunguruma vizuri, na miezi michache baadaye linarudi. Uani kwako hakuna anayekusukuma. Ukihitaji kungoja hadi Jumatatu hedi irudi, unangoja, mradi una namna nyingine ya kwenda kazini.

Kufungua injini nyumbani hakukuanza leo. Mwaka 1965 Mwingereza John Haynes, akiwa katika jeshi la anga la Uingereza huko Aden, ng'ambo ya Ghuba ya Aden kutoka Pembe ya Afrika, alimsaidia mwenzake kufungua na kuijenga upya injini ya gari dogo la Austin-Healey Sprite. Kitabu cha kiwanda hakikuwafaa. Kiliandikwa kwa ajili ya karakana yenye zana zote. Haynes akatafuta kamera, akapiga picha kila hatua ya kufungua na kufunga, akaandika maelezo kwa lugha ya mtu asiye fundi. Kitabu chake cha kwanza cha namna hiyo kikatoka mwaka 1966, na nakala 3,000 za mwanzo zikaisha ndani ya miezi mitatu. Kutoka hapo kikazaliwa kizazi kizima cha Waingereza waliofungua injini zao kwenye vibanda vya nyumbani. Kamera ile sasa iko mfukoni mwa kila mtu, na matumizi yake yaleyale: kabla hujachomoa waya wowote, piga picha.

Anza kwa kuchomoa waya wa hasi wa betri. Maji yamwagwe kwenye beseni, si ardhini. Kulanti, yaani dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, mara nyingi hutengenezwa kwa ethilini glaikoli, ambayo ni tamu na ni sumu kali; paka na mbwa huilamba, na mtoto naye anaweza. Kila waya na kila mpira uvishwe kipande cha utepe wa karatasi wenye namba, na namba hiyohiyo iandikwe mahali ulipotoka. Bolti zichomekwe kwenye kadibodi uliyochora umbo la injini, kila moja mahali pake. Hili si la watoto wala la wanagenzi tu: kwenye 4A-FE bolti 10 za hedi zenyewe zina urefu wa aina mbili, milimita 90 upande wa hewa inapoingia na milimita 108 upande wa ekzosi. Ukizichanganya, hakuna hatua ya baadaye itakayokuokoa.

Kabla ya kuvua mkanda wa taimingi, zungusha injini hadi pistoni ya kwanza iwe juu kabisa na alama za puli zikutane, kisha ongeza alama zako mwenyewe kwa rangi nyeupe. Kamshafti mbili zimelala juu ya bolti za hedi, kwa hiyo lazima zitoke, na hapa pana mtego. Moja inaendeshwa na nyenzake kwa meno, na gia mojawapo ni ya vipande viwili vilivyobanwa kwa springi. Vipande hivyo vifungwe pamoja kwa bolti ya milimita 6 kabla ya kuitoa, la sivyo vitafyatuka. Vikombe vinavyoishikilia kamshafti vilegezwe kidogokidogo kwa zamu, ili iinuke ikiwa sawa. Ikiinuka upande mmoja kwanza, sehemu inayoizuia isicheze inaweza kupasuka.

Bolti za hedi zilegezwe injini ikiwa baridi kabisa, kuanzia za pembeni kuja katikati, kwa mizunguko kadhaa. Hedi ikigoma kuachia, isichokonolewe kwa bisibisi katikati ya nyuso mbili. Mkwaruzo mmoja pale ni njia mpya ya maji. Tafuta msaidizi, muinue pamoja, muilaze juu ya mbao.

Halafu simama. Huu ndio wakati ninaoupenda kuliko wote katika kazi hii, na ndio unaorukwa sana. Gasketi ya zamani imeandika habari zote. Mstari mweusi kati ya silinda ya pili na ya tatu unaonyesha gesi ilikopita. Kutu kuzunguka matundu ya maji inasimulia miaka ya maji ya bomba bila kulanti. Tazama vichwa vya pistoni: vitatu vina masizi na kimoja kinang'aa kwa usafi? Hicho kilikuwa kinaoshwa na mvuke, na silinda yake ndiyo iliyokuwa inakunywa maji. Piga picha, linganisha na ulichokiona wakati wa kupima. Visipokubaliana, kuna jambo hujalielewa, na usiendelee mpaka ulielewe.

Kisha pima. Unahitaji rula ya chuma iliyonyooka kwa uhakika na fila geji. Ilaze rula juu ya uso wa hedi kwa urefu, kwa upana, na kutoka kona hadi kona, ukijaribu kupenyeza ubapa wa fila geji chini yake. Kwa 4A-FE kiwango cha mwisho cha kupinda ni milimita 0.05, yaani nusu ya unene wa karatasi ya kawaida ya kuandikia. Ikizidi hapo inakwenda mashine shop kuskimiwa, yaani kuchongwa uso wake unyooke. Ikiwa gari lilichemsha vibaya, ipeleke hata kama imenyooka, wakaipime kwa presha kama ina ufa. Ufa mwingine haufunguki mpaka hedi ipate joto, na macho hayauoni. Waombe wachonge kidogo iwezekanavyo na wakuambie wametoa kiasi gani. Na bloku nayo ipimwe kwa rula ileile. Watu wengi hupima hedi na kuisahau bloku, kana kwamba gasketi ina upande mmoja.

Wenye Hiace na Hilux za dizeli wana la ziada. Gasketi za injini hizo huuzwa kwa unene tofauti kulingana na pistoni zinavyotokeza juu ya bloku, na hedi nyingi za dizeli haziruhusiwi kuchongwa kabisa. Kwa anayeanza, dizeli si mahali pa kuanzia. Wala Peugeot 504, ambayo slivu zake zimezungukwa na maji na zinaweza kuhama ukizungusha injini hedi ikiwa imetoka. Na kwenye gari la zamani sana, gasketi inaweza kuwa na asbesto. Ilowanishwe kabla ya kukwanguliwa, isikwanguliwe kavu.

Kusafisha kunachosha, na ndiko kunakoamua. Mabaki ya gasketi yatolewe kwa kikwangulio cha plastiki, au wembe uliolazwa kwa uangalifu kwenye bloku ya chuma. Grainda yenye diski ya msasa inafanya kazi hiyo kwa dakika mbili, na ndiyo inayoua injini: inachimba mabonde yasiyoonekana kwenye alumini, na unga wake mgumu unaingia kwenye njia za oili na kwenda kusaga beringi za krankishafti. Injini inanoki, na hakuna anayekumbuka grainda. Matundu ya bolti nayo yasafishwe hadi chini na kukaushwa. Oili au maji yakibaki ndani, bolti ikishuka haina pa kuyapeleka, na presha yake inaweza kupasua bloku. Kwa kusafisha nyuzi za ndani, chukua bolti chakavu ya saizi hiyohiyo, ichane mfereji kwa msumeno wa chuma kwa urefu, na uizungushe kwa mkono. Itabeba uchafu wote.

Gasketi mpya ilinganishwe na ya zamani tundu kwa tundu kabla hujatoka dukani. Iwekwe kavu, bila silikoni, isipokuwa pale kitabu cha injini kinapotaja. Ikigeuzwa chini juu inaweza kuziba njia ya oili ya kwenda juu, na kamshafti zitakauka.

Kukaza kunataka toki renchi. Nazijua hoja za wanaokaza kwa mkono na uzoefu, na siwakatalii uzoefu wao, ila mkono wa mtu anayefanya kazi hii mara chache maishani hauna uzoefu huo. Azima, kodi, changieni na majirani. Tone la oili kwenye nyuzi na chini ya kichwa cha kila bolti, kisha anza za katikati kwenda nje kwa kuzunguka. Kwa 4A-FE, kwanza zote zifike nyutoni-mita 29, kwa hatua kadhaa. Halafu tia nukta ya rangi mbele ya kila kichwa na ukaze tena kwa robo mzunguko, nyuzi 90, kwa mpangilio uleule. Na mara nyingine nyuzi 90. Nukta zote zitakuwa zimetazama nyuma. Kipimo kimebadilika kutoka nguvu kwenda pembe kwa sababu msuguano hudanganya: bolti yenye kutu kidogo itafikisha namba kwenye toki renchi kabla haijavutika vya kutosha, lakini pembe ni pembe. Bolti inayoendelea kuzunguka bila kukaza imekwisha, itupwe. Injini nyingine zinadai bolti mpya kila hedi inapofunguliwa.

Kurudisha vilivyobaki ni kufuata picha zako kinyumenyume. Zungusha injini kwa spana mizunguko miwili kamili kabla ya kugusa swichi. Kama alama za taimingi hazikurudi mahali pake, bora uzione sasa. Weka thamostati mpya, inayofunguka kwenye nyuzi 82, na kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kielekee juu ili hewa ipate pa kutokea. Weka kifuniko kipya cha rejeta. Jaza kulanti iliyochanganywa na maji yasiyo na chumvi.

Washa ukiwa umeacha kifuniko wazi na hita imefunguliwa hadi mwisho, na ongeza maji kadiri hewa inavyotoka. Moshi mweupe utakuwepo kwa muda, kwa kuwa ekzosi ilikuwa na maji. Unapaswa kupungua na kuisha. Usiondoke mpaka umeona feni ikijiwasha na kujizima yenyewe. Feni iliyounganishwa moja kwa moja ili izunguke muda wote irudishwe kwenye swichi yake, maana ukiona haijiwashi ndivyo utakavyojua sensa imekufa, na huenda hiyo ndiyo iliyoanzisha yote. Oili ibadilishwe mapema, baada ya kilomita mia chache, kwani daima kuna maji yaliyojificha. Bolti zilizokazwa kwa pembe zisirudiwe kukazwa.

Kila asubuhi katika wiki za mwanzo, injini ikiwa baridi, tazama maji. Na kabla hujarudisha zana za watu, andika kwenye karatasi tarehe, kilomita, aina ya gasketi na hedi ilichongwa kiasi gani, uiweke pamoja na kadi ya gari. Hedi ina ukomo wa kuchongwa, na atakayeifungua baada yako, awe wewe, fundi au mtu utakayemuuzia, atahitaji namba hiyo kabla ya kuipeleka tena mashine shop.